Uchaguzi wa wabunge Kongo 2006: kadi safi, karatasi ndefu, jikoni fujo

Huduma inayopimwa hapa ni uchaguzi wa Bunge la Taifa la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliofanyika Jumapili ya 30 Julai 2006. Aliyeuandaa ni Tume Huru ya Uchaguzi, inayojulikana zaidi kwa kifupisho chake cha Kifaransa, CEI, chini ya padri Apollinaire Malu Malu. Viti vilikuwa 500, wapiga kura walioandikishwa milioni 25.7, wagombea ubunge zaidi ya 9,500, vituo vya kura karibu 50,000. Yote hayo katika nchi ambayo safari ya mji hadi mji mara nyingi ni ya ndege, ya mtumbwi au ya miguu. Bili ilifika mamia ya milioni ya dola, sehemu kubwa ikalipwa na wafadhili, Umoja wa Ulaya ukiwa mbele yao.

Mwaka ule ukitajwa, watu hukumbuka wagombea urais, Kabila na Bemba. Kura ya wabunge ilipigwa siku hiyohiyo, chumba hichohicho, ikamezwa na ya urais. Ni bahati mbaya, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kipi kilifanya kazi na kipi kiliandikwa vibaya tangu kwenye sheria. Alichokiona mpiga kura kwa macho yake kilikuwa kizuri kuliko ilivyotarajiwa. Asichokiona, yaani kujumlisha matokeo na kugawa viti, ndicho kilichoishusha huduma nzima. Alama zetu: 6 kati ya 10.

Walianzia wapi

Tuwatendee haki kwanza. Makubaliano ya Pretoria yalitiwa saini Desemba 2002, yakaidhinishwa Sun City Aprili 2003, na serikali ya mpito ikaanza rasmi 30 Juni 2003: rais mmoja, Joseph Kabila, na makamu wanne. Wawili kati ya makamu hao, Jean-Pierre Bemba wa MLC na Azarias Ruberwa wa RCD, walitoka katika makundi yaliyokuwa yakipigana na serikali hiyohiyo. Muda wa mpito ulikuwa miezi 24, ukaruhusiwa kuongezwa mara mbili kwa miezi sita sita. Mwisho wake ulikuwa 30 Juni 2006. Kura ilipigwa mwezi mmoja baadaye, na kwa kazi iliyokuwepo huko si kuchelewa kwa kulalamikia.

Sensa ya mwisho ilikuwa ya 1984. Uchaguzi wa mwisho wa vyama vingi ulikuwa wa 1965. Daftari la vizazi na vifo lilikuwa limekufa maeneo mengi, na vitambulisho vya taifa havikuwepo. Kura ya maoni ya katiba ilifanyika 18 na 19 Desemba 2005, ikatumika kama mazoezi ya vifaa na watendaji. Katiba ilitangazwa 18 Februari 2006, na sheria ya uchaguzi ikatoka 9 Machi. Kutoka sheria hadi kura ni chini ya miezi mitano: humo ndani mliingia uteuzi wa wagombea, uchapaji wa karatasi nchini Afrika Kusini, usafirishaji, mafunzo na kampeni. Ratiba iliyobana hivyo haina mahali pa kurekebisha kosa. Karatasi ikishachapwa, imechapwa.

Kadi ya mpiga kura: 9 kati ya 10

Hapa ndipo fedha ilipofanya kazi yake. Uandikishaji ulianza Kinshasa 20 Juni 2005, ukaenda mkoa kwa mkoa, vifaa vikihamishwa kutoka eneo lililomaliza kwenda eneo linalofuata. Seti moja ilikuwa na kompyuta ya mkononi, kamera, kifaa cha kuchukua alama za vidole, printa na chanzo cha umeme. Mtu alieleza jina, mahali na mwaka wa kuzaliwa, akapigwa picha, akaweka vidole, akaondoka na kadi yake mkononi. Hakuna "rudi wiki ijayo", na hakuna malipo halali ya kudaiwa.

Asiye na karatasi yoyote alitambuliwa kwa mashahidi wa eneo lake. Ni njia yenye hatari, hasa Kivu na Ituri ambako swali la nani ni Mkongomani lilikuwa limeshapiganiwa kwa risasi. Lakini ukidai cheti cha kuzaliwa katika nchi ambayo ofisi za kata zilichomwa, utaandikisha watu wa mjini peke yao.

Kadi ile iliishi kuliko uchaguzi wenyewe. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo kitambulisho cha Mkongomani: benki, kizuizi cha barabarani, kununua laini ya simu, kuvuka mpaka mdogo. Watu walipanga foleni si kwa mapenzi ya siasa tu, bali kwa sababu kwa mara ya kwanza walipata kitu chenye picha yao na muhuri wa dola. Anayeandaa uchaguzi mahali vita vimefuta kumbukumbu zote aanzie hapo. Mpe mtu sababu ya kujiandikisha inayobaki hata kama mgombea wake atashindwa.

Alama moja tumeikata kwa walioachwa nje. Wakongomani wa ughaibuni hawakupiga kura, na pamoja nao wakimbizi, wakiwemo wale wa kambi za Kigoma, Nyarugusu na Lugufu, ambao baadhi yao wangeweza kufika kwao kwa kuvuka ziwa Tanganyika tu. Waliokimbia vita walikosa kura ya kuvifunga vita hivyo.

Jambo jingine ambalo wengi hawakulitambua mapema: viti viligawiwa majimbo kwa idadi ya walioandikishwa, si kwa idadi ya wakazi. Gawa milioni 25.7 kwa 500, unapata takriban 51,000 kwa kiti. Chama cha UDPS cha Étienne Tshisekedi kilisusia mchakato, na maeneo ya Kasai yaliyomfuata yakaandikisha watu wachache. Kwa hiyo yalipoteza viti kabla kampeni haijaanza, na viti hivyo vikahesabiwa kwa wengine. Kususia siku ya kura ni hasara ya siku moja. Kususia daftari ni hasara ya miaka mitano.

Karatasi ya kura: 3 kati ya 10

Mpiga kura alipewa karatasi mbili. Ya urais ilikuwa na majina 33, na picha, na hiyo ilisomeka. Ya ubunge ilitegemea uko wapi. Nchi iligawanywa majimbo 169: 60 ya kiti kimoja na 109 ya viti vingi. Kwenye wilaya ya kiti kimoja, ukurasa mmoja ulitosha. Kinshasa ilikuwa na majimbo manne tu, Lukunga, Funa, Mont Amba na Tshangu, yakigawana viti 58. Huko karatasi ya ubunge ilikuwa kitabu: kurasa sita kubwa kama za gazeti, zimejaa picha ndogo, nembo na namba za mamia ya watu.

Kila mpiga kura alikuwa na alama moja tu ya kuweka. Sasa fanya hesabu ya muda. Kituo kilifunguliwa saa 12 asubuhi, kikafungwa saa 11 jioni, dakika 660. Wastani wa wapiga kura kwa kituo ulikuwa 500 na kitu. Kituo chenye kituturi kimoja kinampa kila mtu dakika moja na robo, ndani yake afunue kurasa sita, amtafute mtu wake, aweke alama, aikunje na kuitumbukiza. Haiwezekani. Ongeza vituturi viwili vitatu na foleni inasogea, lakini karatasi ikifunuliwa inazidi upana wa meza, jirani anaona, na usiri unabaki kwenye kanuni. Sanduku nalo hujaa mapema, kwa sababu lilipimwa kwa idadi ya watu na si kwa unene wa karatasi.

Wagombea waliokuwa wajanja hawakufanya kampeni ya sera. Walifanya kampeni ya anwani: ukurasa wa nne, safu ya pili, namba fulani, picha ya mwenye koti jeupe. Vipeperushi vingi vya Kinshasa vilikuwa na mfano wa ukurasa wenyewe na kidole kinachoonyesha pale pa kuweka alama. Mwenye fedha za kuchapa vipeperushi hivyo alikuwa na nafasi, na asiyekuwa nazo alipotea kwenye karatasi kabla hajapotea kwenye kura.

Nafasi kwenye karatasi si jambo dogo. Msumbiji, Oktoba 1994, muungano mdogo wa UD uliambulia viti 9 kati ya 250, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba nembo yake ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye karatasi ya bunge, mahali palepale alipokuwa Joaquim Chissano kwenye karatasi ya urais. Watu walifundishwa "weka chini kabisa", wakaweka chini kabisa mara mbili.

Tiba ingekuwa rahisi: kuikata Kinshasa vipande vingi vidogo, au kudai saini za wapiga kura kabla ya kugombea. Wagombea karibu 19 kwa kila kiti kimoja ni msongamano tu, usiompa mpiga kura uhuru wowote wa ziada. Baada ya vita kila mtu anataka nafasi, na tume iliyochoka kugombana na wenye bunduki haina hamu ya kugombana na wenye kadi za biashara.

Kituoni: 8 kati ya 10

Watendaji watano kwa kila kituo: mkuu, wasaidizi wawili, katibu na msaidizi wa akiba. Zidisha kwa vituo, unapata karibu watu robo milioni waliofundishwa kwa wiki chache, wengi wao walimu. Wino kidoleni, kadi inatobolewa au kuwekwa alama, jina linatafutwa kwenye orodha, karatasi zinasainiwa nyuma. Mawakala wa vyama wamekaa kwenye benchi. Siku ilipita kwa utulivu ambao haukutarajiwa na wengi, hasa mashariki. Kivu walijitokeza kwa wingi mno, foleni zikianza kabla ya mapambazuko.

Kasai ilikuwa hadithi nyingine. Mbuji-Mayi na sehemu za Kasai Magharibi vituo vilichomwa na vifaa kuharibiwa, na kura ikapigwa tena kesho yake, 31 Julai, baada ya vifaa vya akiba kupelekwa. Kwamba akiba ilikuwepo na ilifika ndani ya saa 24 ni jambo la kupongezwa. Ndege na helikopta za MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini humo, zilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Anayenakili mfano huu ajue kwamba bila jeshi la anga la kuazima, bei yake ni nyingine kabisa.

Kasoro ya kudumu kituoni ilikuwa orodha ya nyongeza. Kadi unayo, jina halimo kwenye orodha iliyochapwa: unaandikwa kwa mkono kwenye orodha ya walioachwa. Wapo pia wenye ruhusa ya kupiga kura nje ya kituo chao, kama askari, watendaji na waangalizi. Orodha za namna hii ni lazima ziwepo, la sivyo unamfukuza mtu mwenye haki. Lakini hazina kikomo cha asili, na mkuu wa kituo asiye mwaminifu anaweza kuzijaza usiku. Katika duru ya pili ya urais, Oktoba, matumizi yake yaliongezeka hadi waangalizi wakalalamika wazi. Dawa ni kuchapa namba ya nyongeza kwenye fomu ya matokeo ya kila kituo, pembeni ya namba ya orodha ya kawaida, ili anayesoma aone mara moja kituo ambacho nyongeza ni theluthi ya kura zote.

Jikoni: 3 kati ya 10

Kura zilihesabiwa palepale kituoni, kanuni nzuri isiyopaswa kuguswa. Ya urais kwanza, kisha ya ubunge. Ya kwanza ilimalizika kabla ya usiku wa manane vituo vingi. Ya pili, kwa watu walewale waliokuwa macho tangu saa tisa alfajiri, kwa mwanga wa taa ya betri, na mamia ya majina ya kuwekea vijiti, iliendelea hadi asubuhi. Hapo ndipo fomu zilipoanza kuharibika: jumla isiyolingana na idadi ya kura, namba ya mgombea iliyorukwa mstari mmoja hivyo wote wanaofuata wamepewa kura za jirani, saini zinazokosekana, bahasha zilizofungwa na fomu isiyo yake ndani.

Fomu moja ilibandikwa mlangoni, mawakala wakapewa nakala, nyingine ikaenda kwenye kituo cha majumuisho. Vituo hivyo vilikuwa 62 kwa nchi nzima. Piga hesabu: kila kimoja kilipokea kwa wastani bahasha za vituo 800, na kila bahasha ina matokeo ya chaguzi mbili. Mikoani mzigo ulikuja polepole kwa sababu ya umbali, na kuchelewa huko kuliwasaidia wapokeaji wapange. Kinshasa ulikuja wote kwa pamoja. Malori yalishusha magunia penye nafasi, fomu zikachanganyika na karatasi za kura, magunia yakafunguka, karatasi zikaonekana chini na nyingine zikiungua moto. Picha zake zilizunguka mji mzima. Nyingi ya karatasi zile zilikuwa zimeshahesabiwa na hazikubadilisha chochote, lakini nani atamweleza hivyo mtu wa Limete, mtaa wa Kinshasa, aliyekwisha kuamini kwamba anaibiwa?

Chanzo ni ukosefu wa vitu vya bei ndogo. Hapakuwa na mstari wa mapokezi wenye ratiba ya kila tarafa, bahasha za fomu na magunia ya karatasi yalipita mlango mmoja, na waliofikisha mizigo walikuwa hawajalipwa wala kula, hivyo hawakutaka kusubiri risiti. Rangi mbili za bahasha, milango miwili na chakula cha usiku mmoja vingeokoa heshima ya uchaguzi wa mamia ya milioni ya dola.

CEI ilitoa matokeo ya urais kwa vipande kadiri majimbo yalivyokamilika. Nia ilikuwa uwazi. Lakini mashariki ya Kabila na magharibi ya Bemba hayakukamilika kwa kasi moja, na kila siku namba zilihama kwa namna iliyozusha uvumi. Matokeo ya mwisho yalisomwa jioni ya 20 Agosti: Kabila 44.81%, Bemba 20.03%, Antoine Gizenga 13.06%. Usiku huohuo walinzi wa wagombea wawili wa kwanza wakaanza kupigana mjini, wakapigana siku tatu, na mabalozi waliokuwa wamemtembelea Bemba wakanaswa nyumbani kwake. Matokeo ya wabunge yakaja mapema Septemba, karibu kimyakimya. Watu walikuwa wakihesabu maiti.

Kugawa viti: 2 kati ya 10, na hizo 2 ni za nia njema

Katika jimbo la kiti kimoja, mwenye kura nyingi anachukua. Katika jimbo la viti vingi: chukua kura halali zote, gawa kwa idadi ya viti, unapata kigawo. Kura za wagombea wote wa chama hujumlishwa, na kila kigawo kamili ni kiti. Viti vinavyobaki huenda kwa wenye mabaki makubwa zaidi. Ndani ya chama, anayeingia ni mwenye kura nyingi binafsi. Mgombea binafsi anahesabiwa kama chama cha mtu mmoja.

Inasikika ya haki. Sasa ijaribu kwa namba za mfano. Viti 4, kura 100,000, kigawo 25,000. Chama A kina kura 52,000, B 21,000, C 15,000, D 12,000. A anapata viti 2 na kubaki na 2,000. Viti viwili vilivyobaki vinakwenda kwa B na C. Mwenye zaidi ya nusu ya kura ana nusu ya viti, na C mwenye 15% amepata sawasawa na B mwenye 21%.

Endelea. Kiongozi wa A akigawanya chama chake kuwa vyama vitatu vyenye majina tofauti, na wapiga kura wake wakagawanyika 17,500, 17,500 na 17,000, hakuna aliyefikisha kigawo hata mmoja. Viti vyote vinne vinakwenda kwa mabaki: B kwa 21,000, kisha vipande vitatu vya A. Kura zilezile 52,000 zimezaa viti 3 badala ya 2, na C ametoka mikono mitupu. Fomula inalipa kugawanyika. Anayejua hesabu hajengi chama, anasajili vyama. Na kwa kuwa hapakuwa na kiwango cha chini cha kura cha kuingia bungeni, hakuna kilichozuia mchezo huo.

Bunge lililotoka: PPRD ya Kabila viti 111, MLC ya Bemba 64, PALU ya Gizenga 34, MSR 27, Forces du Renouveau 26, RCD 15, na wabunge binafsi 63. Kwa jumla vyama na miungano karibu 70 iliwakilishwa. Ili kuwa na wingi unahitaji 251. Chama kikubwa kuliko vyote kilikuwa na nusu yake kasoro, na kundi la tatu kwa ukubwa lilikuwa la watu wasio na chama kabisa.

Wapo wanaosema hilo ndilo lililotakiwa: baada ya vita, kila kabila na kila mji uone mtu wake bungeni. Hoja ina uzito. Tunaikubali kwa viti vya kwanza 300, hatuikubali kwa vyama vya kiti kimoja kimoja ambavyo siku ya pili vilikuwa sokoni. Muungano wa Kabila, AMP, ulikusanya wingi wake baada ya kura, kwa kugawa wizara na nafasi. Gizenga akapewa uwaziri mkuu mwishoni mwa Desemba 2006 kwa viti vyake 34. Mpiga kura hakuwahi kuulizwa kuhusu muungano huo.

RCD wanastahili mstari wao. Kundi lililotawala eneo kubwa la mashariki wakati wa vita liliambulia viti 15, na Ruberwa hakufika 2% za urais. Kama kipimo cha kuwapokonya wenye bunduki uhalali, kura ilifanya kazi vizuri mno. Tatizo ni kwamba iliwapokonya kura, haikuwapokonya silaha. Novemba 2006 watu wa Laurent Nkunda, jenerali mwasi aliyetoka RCD, walikuwa wakipigana na jeshi karibu na Sake, Kivu Kaskazini.

Wanawake walikuwa 42 kati ya 500. Katiba, kifungu cha 14, inazungumzia usawa wa jinsia. Sheria ya uchaguzi ikaongeza kwamba chama kisichozingatia usawa huo hakikataliwi kwa sababu hiyo. Vyama vikaisoma sheria, vikaiacha katiba.

Kila mgombea alijisajili na wagombea wa akiba wawili, ili kiti kisibaki wazi mbunge akifa au akiteuliwa. Kwa nchi ambayo uchaguzi mdogo ungehitaji helikopta, ni mpango wa busara. Lakini majina ya akiba yalichaguliwa na mgombea mwenyewe, na mara nyingi yalikuwa ya mke, ndugu au mtoto. Mbunge akiteuliwa waziri, kiti kilibaki nyumbani.

Huduma baada ya mauzo

Mahakama ya Juu ndiyo iliyosikiliza mashauri, kwa kuwa Mahakama ya Katiba iliyoahidiwa ilikuwa bado haijaundwa. Jengo lake lilichomwa 21 Novemba 2006 wakati wa kusikiliza pingamizi la Bemba dhidi ya duru ya pili, ambayo Kabila alishinda kwa 58.05%. Mashauri ya ubunge yalivuka hadi mwaka uliofuata, watu wakiwa wameshaapishwa na kukaa.

Chaguzi za ngazi ya pili ndizo zilizotia doa zaidi. Mabunge ya mikoa yalichaguliwa 29 Oktoba kwa fomula ileile, nayo yakachagua maseneta na magavana Januari 2007. Wapiga kura wachache, kila mmoja na bei yake: mikoa ambayo upinzani ulikuwa na nguvu, kama Bas-Congo, ikapata gavana wa upande wa Kabila. Maandamano ya Bas-Congo yaliyofuata yalizimwa kwa risasi, zaidi ya watu 100 wakafa. Machi 2007 walinzi wa Bemba na jeshi walipigana tena Kinshasa, na seneta Bemba akaondoka nchini mwezi uliofuata.

Ukilinganisha na jirani

Burundi, 4 Julai 2005, ilichagua bidhaa tofauti: orodha zilizofungwa, viti 100 vya kuchaguliwa, kiwango cha chini cha 2%. Kwenye orodha, kati ya watu watatu wanaofuatana wawili tu ndio wanaoruhusiwa kuwa wa kabila moja, na katika kila wanne awepo mwanamke. Uwiano wa 60 kwa 40 baina ya Wahutu na Watutsi ukakamilishwa kwa kuongeza wabunge 18, wakiwemo Watwa. CNDD-FDD walishinda viti 59 na serikali ikaundwa bila soko. Mpiga kura hakumchagua mtu, alichagua chama, na mbunge akawa mali ya chama. Kwa nchi ndogo yenye mgogoro unaojulikana jina lake, inafaa. Kongo ina makabila mamia na vyama visivyo na mizizi nje ya mji mkuu, na orodha zilizofungwa zingewapa viongozi wachache wa Kinshasa funguo za nchi nzima.

Matoleo yaliyofuata

Toleo la 28 Novemba 2011 lilibakiza fomula, msaada wa nje ukapungua. Wagombea ubunge walipita 18,000 kwa viti vilevile 500, na karatasi ya Tshangu ikapita kurasa 50. Jikoni palibaki palepale: matokeo ya karibu vituo 2,000 vya Kinshasa hayakujumlishwa kamwe. PPRD ilishuka hadi viti sitini na kidogo, huku vyama rafiki vikiongezeka, sawasawa na mfano wa A aliyejigawa vipande.

Toleo la 30 Desemba 2018 lilikuja na mashine ya kupigia kura iliyochapa karatasi ndogo, na sheria ya Desemba 2017 ikaweka kiwango cha chini cha 1% ya kura za nchi nzima. Mashine iliondoa kitabu cha kurasa 50, ikaleta wasiwasi mwingine. Kiwango cha 1% kilitakiwa kuua vyama vya mfukoni. Vyama vikajibu kwa kujikusanya ndani ya miungano inayovuka 1% kwa pamoja, kila kimoja kikibaki na jina, nembo na mwenyekiti wake, na wagombea wakabaki zaidi ya 15,000. Kwa wanaotaka kununua mfano huu: kigawo na mabaki vinaweza kubaki, ila weka kiwango cha chini ndani ya jimbo lenyewe, usizidishe viti 5 kwa jimbo, na hesabu majina kwenye ukurasa kabla hujatia saini mkataba wa uchapaji.